Majaji Watatu na Soda za Rooty Hill

Mimi nimekimbia sare za jeshi maisha yangu yote, na uzeeni nikajikuta nazipiga pasi. Nilizikimbia Burundi nikiwa msichana, tukarudi, nikazikimbia tena nikiwa na mtoto mgongoni. Hata kambini Kigoma, askari wa lindo akipita tu na bunduki yake begani, nilikuwa najificha nyuma ya hema. Halafu tukaletwa Sydney, na mjukuu wangu, huyu niliyemlea mwenyewe tangu mama yake afariki, akamaliza shule, akaja jikoni nikiwa nasonga ugali akaniambia, "Bibi, nimeingia jeshi."

Niliacha mwiko ndani ya sufuria. Nikamwambia nchi hii imejaa wazee wa kuogeshwa, kwa nini asiende kuwaogesha kama wenzake? Akanijibu kwa Kiingereza, maana Kiswahili watoto hawa wanakisikia wote lakini mdomoni hakikai, kwamba jeshi la hapa si kama lile la kwetu. Nikamwambia buti ni buti. Ugali uliungua siku hiyo, tukaula hivyo hivyo.

Lakini alipopata mistari miwili ya koplo, ni mimi niliyemkataza kuvua sare. Nilimtembeza Blacktown nzima, huko tunakonunulia vitu. Nikampitisha kwa yule Mkongo anayeuza mihogo, nikampitisha saluni, nikampitisha kanisani siku ambayo hata ibada haikuwepo, mchungaji alikuwa anatengeneza bomba la choo. Mtoto anaona aibu, anasema, "Bibi, twende nyumbani sasa." Namwambia nyamaza, tembea wima.

Sasa sikieni lililotukuta.

Mjukuu wangu alikuwa kaskazini, Queensland, ana kikundi cha askari chini yake. Jioni moja walikuwa wanashusha masanduku kwenye lori. Askari wake mmoja, kijana Mzungu ambaye kwao ni hapa hapa jirani, Rooty Hill, alikuwa amesimama nyuma ya lori, ukingoni kabisa. Akaanguka, akavunjika mfupa wa bega. Asubuhi ya siku hiyo walikuwa wamegombana kwa maneno, kijana amechelewa, koplo kamfokea mbele ya wenzake. Kijana akasema amesikia mkono mgongoni. Askari mwingine akasema ameuona huo mkono, wa koplo. Mjukuu wangu akasema ndiyo, mkono ni wangu, nilikuwa namshika asianguke.

Hapo ungesema ni neno la huyu na neno la yule. Kilichommaliza ni kingine. Kesho yake alikwenda hospitali kumwona mgonjwa. Alimpelekea juisi na ndizi. Akampa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, kama nilivyomfundisha tangu anatambaa, akainamisha kichwa, akamwambia nisamehe kwa yaliyokupata ukiwa mikononi mwangu. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Mtoto wa jirani akianguka uani kwako, unakwenda kwa mama yake na kitu mkononi, unasema mnisamehe, hata kama ulikuwa umelala ndani. Na ukiwa mkubwa wa watu, mtu wako akiumia, wewe ndiye wa kwanza kufika. Hungoji kuulizwa nani mkosaji.

Kwenye mahakama ya kijeshi, mwendesha mashtaka alisimama mbele ya maofisa waliokaa kuamua kesi. Akashika kiwiko chake mwenyewe, akainama, akawauliza: mtu asiye na kosa anainama hivi kwa nini? Mjukuu wangu alinisimulia kwenye simu. Nilimsikia sauti inakauka alipofika hapo, zaidi ya alipofika kwenye hukumu yenyewe. Yule mwanaume kuigiza mkono wetu mbele za watu.

Wakamtia hatiani kwamba alimsukuma askari wake na kumjeruhi. Wakamvua mistari, wakamwondoa jeshini.

Kumbe hukumu ya jeshi haiishii pale. Kwanza faili lilikwenda kwa ofisa mkubwa, akashauriwa na mwanasheria wake, akasoma, akasema hukumu isimame. Mimi nikajua basi, yamekwisha, kwa sababu kule nilikotoka mkubwa wa jeshi akishasema hakuna mwenye masikio tofauti. Lakini wakili wa mjukuu wangu, mama mmoja mwenye cheo cha meja, akasema kuna mlango mwingine. Unakata rufaa kwa majaji watatu, majaji wa raia, wasiovaa buti. Hao wakisema hukumu imevunjika, imevunjika, na jenerali mwenyewe anakubali. Wakisema isimame, mtoto wangu anabaki na jina la mtu aliyemvunja askari wake, analibeba mpaka kaburini, na sare haivai tena.

Akarudi kwangu Doonside kusubiri. Yeye alikaa kama jiwe. Mimi nikazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilifuta dirisha ambalo nilikuwa nimelifuta. Nilikwenda Blacktown bila haja, napanda treni, nashuka, naangalia samaki walioganda, narudi bila samaki. Nikikaa, goti linacheza lenyewe. Sare zake zilikuwa zinaning'inia kabatini, nikazitoa nikazipiga pasi, nikazirudisha, wiki inayofuata nikazitoa tena.

"Bibi, hizo hazina kunyanzi," aliniambia.

"Zina vumbi."

"Vumbi halipigwi pasi."

"Wewe unajua nini? Umefukuzwa."

Nilisema hivyo. Alinitazama, halafu akacheka, mara ya kwanza tangu arudi. Mimi ndivyo ninavyoongea, na yeye amekulia mdomoni mwangu.

Kulikuwa na swali moja sikumuuliza. Lilikuwa linanifuata jikoni, linanifuata kwenye kamba ya nguo. Ulimsukuma? Nilikuwa nalimeza na chai asubuhi, na jioni liko pale pale kooni.

Nikaona nitapasuka. Nikaenda kwa mchungaji, nikamwambia kesi hii imekwenda kombo kwa sababu alikwenda peke yake. Mtoto peke yake na ndizi, nani atamwelewa? Kwetu wanakwenda wazee. Mchungaji akasema kweli. Akamwita mzee mmoja wa kwaya yetu, ambaye kule Burundi alikuwa mshingantahe, yaani mtu anayekubaliwa na mlima mzima kuamua ugomvi wa watu, maana kwetu kila mlima ni kama kijiji. Mzee akauliza swali moja tu: "Kinywaji kipo?"

Kinywaji kilikuwepo. Kwa vile sisi ni watu wa kanisa, pombe hapana, tukachukua kreti ya soda za machungwa za chupa, zile wanazouza kwenye duka la Mkongo. Tungekaa na wazazi wa yule kijana, tungewaambia poleni kwa mwana wenu, tungekunywa pamoja, na watu wakishakunywa pamoja kesi inabaki na miguu gani? Hayo ndiyo tuliyopanga, watu wazima watatu, bila kumwambia mwenyewe.

Tulifika stesheni ya Doonside tumevaa. Mchungaji suti, mzee kofia, mimi kitenge, kreti tumeifunga kwenye kigari changu cha sokoni. Tukakutana na jirani yangu, nesi Mkenya, yule anayeniita Shosho, yaani bibi kwa kwao, anashuka kutoka kazini na macho ya usingizi.

"Shosho, mnaenda harusi ya nani bila mimi?"

Mzee wa kwaya akavua kofia. "Tunakwenda Rooty Hill, kwa wazazi wa yule kijana. Tunaimaliza kesi ya mjukuu."

Nesi alicheka. Halafu akaacha kucheka. "Mwenyewe anajua?"

"Atajua tukirudi," nikamwambia, treni ikaja, tukapanda.

Kutoka Doonside hadi Rooty Hill ni kituo kimoja. Hata mchungaji hakumaliza maombi. Kreti ilitukwamisha kwenye ngazi, na tulipotoka nje ya stesheni, gari la mjukuu wangu lilikuwa limesimama pale, mlango wazi, yeye amevaa ndala. Nesi alikuwa amempigia simu.

Adabu haikumtoka hata hapo. "Shikamoo, Mchungaji. Shikamoo, Babu." Mimi hakuniamkia. "Bibi, ingia kwenye gari."

"Tufike kwanza. Tumeshavaa."

"Bibi, soda hizi ndizo zitanimaliza." Alisema kwa Kiswahili, na mimi nikajua ni mambo mazito, maana huyu akikasirika kabisa ndipo Kiswahili kinatoka. "Wakili alisema nisimguse yule kijana, nisiwaguse wazazi wake, mimi wala mtu wangu yeyote. Mkiingia kwao leo, kesho watasema tumekwenda kumnunua shahidi. Watasema nimeomba msamaha tena, na safari hii na wazee."

Mzee wa kwaya akakohoa. "Mjukuu, sisi hatukwenda kusema umemsukuma. Tulikwenda kusema pole."

"Babu, na mimi nilikwenda kusema pole. Mnaona nimefika wapi?"

Mzee alirudisha kofia kichwani. Tukapanda gari wote, kreti nimeipakata mimi, chupa zinagongana kila kona mpaka nyumbani. Nikaisukuma chini ya sinki, nikafunga mlango wa kabati, na kila nilipoosha vyombo nikawa najua ipo.

Siku ya rufaa nilivaa kitenge kile kile. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyafanyia mazoezi nikimenya viazi. Waheshimiwa, huo mkono ni mimi niliyemfundisha. Kama ni kosa, kosa ni langu, na mimi nilifundishwa na mama yangu, naye hayupo. Nilikuwa nimepanga na mahali pa kulia kidogo.

Jengo la mahakama liko mjini, ghorofa refu karibu na bustani kubwa ya miti. Nesi Mkenya aliomba ruhusa kazini akaja nami kunitafsiria, kwa sababu Kiingereza changu ni cha dukani. Nje ya chumba nikamwambia amuulize wakili nitaitwa saa ngapi. Wakaongea. Nesi akanigeukia taratibu, kama anavyowaambia wagonjwa wake habari ambayo hawataipenda.

"Shosho, hutaitwa. Hapa hakuna anayeitwa. Yule kijana haji, aliyeona mkono haji, hata mjukuu wako haulizwi kitu."

"Sasa watasikiliza nini?"

"Wana karatasi za kesi ya kwanza, kila neno lililosemwa. Wanaangalia kama kuna mahali sheria ilipindishwa. Mambo mapya hawachukui, labda yawe mambo ambayo hayangeweza kupatikana wakati ule. Na wewe ulikuwepo wakati ule. Hukuitwa tu."

"Kwetu ukikataa uamuzi wa mlima wako unakwenda mlima mwingine, unaanza mwanzo, na bibi anasema."

"Hapa bibi anakaa."

"Kitenge nimevalia nini?"

"Umevaa uonekane. Kaa chini, Shosho."

Nikakaa. Mjukuu wangu alikuwa mbele, nyuma ya wakili wake, shingo imenyooka. Majaji waliingia, mama mwenye miwani katikati, wanaume wawili pembeni. Nilitafuta kwao kitu cha kijeshi, sikukiona hata kifungo. Jambo hilo lilinipa pumzi kidogo.

Nesi alininong'oneza yote, mengine aliyaruka, mengine niliyaona kwenye nyuso. Wakili wetu hakusema hata mara moja kwamba mtoto hakusukuma. Nilingoja aseme, hakusema. Alisema hivi: kwenye kesi ya kwanza kulikuwa na mwanasheria ambaye kazi yake ni kuwaelekeza wale maofisa sheria inataka nini kabla hawajaamua. Mwanasheria huyo aliwaambia wanaweza kuichukua ile safari ya hospitali kama kukiri kosa. Akaishia hapo. Hakuwaambia kwamba mshtakiwa ametoa sababu nyingine ya kwenda, na kwamba wasiite safari ile kukiri mpaka waipime hiyo sababu na kuikataa. Na sababu ilikuwemo kwenye kumbukumbu za kesi. Wakili akaisoma. Ilikuwa sentensi moja, aliyoisema mjukuu wangu alipoulizwa kwa nini alikwenda: kwetu anayeongoza watu ndiye anayekwenda kwanza kwa aliyeumia, awe amekosa au hajakosa.

Nilimtazama mgongoni. Sikuwa nimejua kwamba aliyasema hayo, peke yake, mbele ya maofisa wote wale. Maneno yangu ya viazi yalikuwa yameshasemwa, na kwa ufupi kuliko yangu.

Kisha akasimama wakili wa upande wa jeshi. Kijana nadhifu, viatu vinang'aa. Nilitaka kumchukia, lakini alikuwa na mafua mabaya na hakuna aliyemsogezea maji. Alisema hata ukiitoa ile safari ya hospitali, mkono unabaki. Mkono ulionekana. Ugomvi wa asubuhi ulikuwepo. Maofisa wangemtia hatiani tu.

Jaji wa kushoto akauliza, "Shahidi aliona mkono. Aliona kusukuma?"

"Alisema mkono ulikuwa mgongoni, mheshimiwa."

"Mkono mgongoni unaweza ukawa unavuta?"

"Ukiwa umeshika shati, unaweza."

"Aliulizwa kama ulishika shati?"

Kijana akafunua karatasi. Akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena. Mimi hapo nilikuwa sijiwezi. Miguu ilinisimamisha yenyewe, nusu, makalio hewani. Nesi akanivuta kitenge. Jaji wa katikati aliinua macho akanitazama juu ya miwani, na mimi kwa woga nikafanya kile ninachofanya mbele ya mtu mkubwa, mkono wa kushoto kwenye kiwiko cha kulia, kichwa chini, nikakaa. Mjukuu wangu alikuwa amegeuka. Aliniona. Akageukia mbele haraka.

Jaji aliandika kitu. Mpaka leo sijui aliandika nini. Pengine aliandika kwamba kuna bibi anasumbua.

"Hakuulizwa, mheshimiwa," kijana akasema mwishoni, akapenga kamasi.

Nikajua sasa watasema. Hawakusema. Waliinuka wakasema uamuzi utakuja baadaye, wakatoka na makaratasi yao. Nilimuuliza nesi, mtu anasikiliza kesi yote halafu anakwenda nyumbani kula? Akasema hapa ndivyo, wanataka kuandika sababu zao vizuri.

Kwenye treni ya kurudi nesi alilala mdomo wazi. Mimi na mjukuu wangu tulikaa tumeelekeana. Nyumba zinapita, nguo za watu kwenye kamba zinapita. Nikaona nisipouliza sasa nitakufa nalo.

"Ulimsukuma?"

Hakushtuka. Nadhani alikuwa akilingoja. Alijibu kwa Kiingereza, akachanganya Kiswahili mahali alipotaka nisikosee. "Nilikuwa na hasira naye tangu asubuhi, Bibi. Nikamwona anayumba. Nikanyoosha mkono. Hilo ndilo ninalojua. Wameniuliza mara nyingi mpaka mkono wenyewe siujui tena."

"Hasira unayo, mkono ulinyoosha kufanya nini?"

"Kumshika." Akangoja stesheni ipite. "Nakuambia wewe kama nilivyowaambia wao. Lakini wewe unaniuliza na macho hayo."

Nikayaondoa macho. Nilikuwa nimepata jibu, na goti likaendelea kucheza.

Uamuzi ulikuja asubuhi nikiwa natoa takataka. Simu ililia ndani, nikasikia anasema ndiyo, ndiyo, asante. Niliingia na kifuniko cha pipa mkononi. Alikuwa amekaa sakafuni jikoni, pale pale aliposimama siku ile ya ugali.

Majaji walikuwa wameivunja hukumu, wote watatu. Mistari anarudishiwa, jeshini anarudi. Na wamesema asishtakiwe upya, kwa sababu ushahidi uliobaki haufai kumrudisha mtu mahakamani.

Nilipiga vigelegele mpaka nesi akaja na mswaki mdomoni. Nikapika, nikaita watu, mchungaji akaomba kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, na kawaida yake si fupi. Lakini watu walipoondoka, nikiwa nakusanya sahani, nikamuuliza nesi, ambaye alikuwa ameusoma ule uamuzi kwenye simu, "Wapi wameandika kwamba hakumsukuma?"

"Hawajaandika."

"Soma vizuri."

"Nimesoma, Shosho. Wameandika kwamba waliomhukumu hawakuelekezwa sawasawa, na hukumu ya namna hiyo haiwezi kusimama. Nani alisema kweli pale kwenye lori, hiyo si kazi yao."

"Ni kazi ya nani sasa?"

Nesi akachukua sahani kutoka mkononi mwangu.

Kwa hiyo furaha yangu ilikuwa na shimo. Mtoto amesafishwa na karatasi, na Rooty Hill kuna mama wa watu ambaye bado anaamini mjukuu wangu ni mnyama. Kituo kimoja. Nitakutana naye siku moja kwenye foleni ya mkate na hatutajuana, na yeye nyumbani ana jina la mtoto wangu mdomoni.

Mimi sikumwambia aende. Nilikuwa nimefundishwa adabu pale stesheni. Ni yeye mwenyewe, kabla ya kurudi Queensland, niliyemkuta amepiga magoti mbele ya sinki, anaivuta ile kreti.

"Wakili anajua?" nikamuuliza.

"Nimemuuliza. Amesema kesi imekwisha, nikitaka niende, lakini yeye asingeenda."

"Yeye si wa kwetu."

"Ndiyo, Bibi."

"Na kijana?"

"Nimemwandikia. Amesema mama yake hataki. Halafu akaandika tena, amesema njooni Jumapili mchana."

Tulikwenda wawili. Mzee wa kwaya alinuna kwa kuachwa, nikamwambia atakwenda kwenye kesi nyingine, Mungu apishe mbali. Nyumba ilikuwa ya matofali, yenye mbwa mdogo mwenye kelele kubwa. Mama mtu alifungua mlango, akatutazama, akaitazama kreti. Hakutabasamu. Alisogea pembeni tu, tukapita.

Tulikaa. Kwetu wazee wangekuwa wanaongea mvua na mifugo mpaka ubaridi uondoke, lakini mimi mifugo ya Rooty Hill siijui, na mbwa sikutaka kumtaja. Kijana alikuja kutoka chumbani. Mrefu, ana chunusi, bega moja liko chini kidogo kuliko lingine. Nilimwona nikashangaa. Muda wote ule wa kumfikiria nilimpa sura ya mtu mzima. Huyu alikuwa mtoto wa mtu, soksi moja imetoboka.

Aliongea akimtazama mbwa. Mjukuu wangu alinitafsiria polepole, sauti yake imetulia kama anasoma habari za mtu mwingine. "Anasema, nilisikia mkono. Ndicho nilichosema siku ya kwanza, mkono. Wapelelezi wakaniuliza, huo mkono ulikusukuma? Nikasema sijui. Kesho yake wakaniuliza tena. Nilikuwa na maumivu, nilikuwa nimekukasirikia kwa kunifokea. Mwisho nikasema ndiyo, ulinisukuma. Nikishasema, nikaona ndivyo ilivyokuwa."

"Na sasa?" mama yake akamuuliza. Hilo nilielewa bila kutafsiriwa.

Alinyanyua bega lile zima. "Mkono," akasema.

Mama mtu akaenda jikoni. Nikadhani ametukimbia. Akarudi na glasi nne na kifungulio, akaviweka mezani kwa kishindo kidogo, kama mtu ambaye hajakubali lakini amechoka kukataa.

Mjukuu wangu alifungua chupa. Akammiminia kijana kwanza, akaishika glasi kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye kiwiko, kichwa kikashuka. Nikaona anasita. Nikaona anamkumbuka yule mwendesha mashtaka aliyeinama mbele ya maofisa. Lakini mkono hakuutoa.

"Ulifanya hivyo hospitali," kijana alisema.

"Huwa tunafanya hivyo."

"Kila wakati?"

"Hata tukitoa chumvi."

Kijana aliitazama ile glasi. Halafu akanyoosha mkono wake wa kulia, na ule wa kushoto, wa upande wa bega lililovunjika, akaanza kuuinua kuutafuta kiwiko. Ulipanda nusu njia, ukagoma. Akakunja uso, akajaribu tena. Mama yake alikuwa ameanza kuinuka kwenye kiti.

Nikamwambia mjukuu wangu, mwambie inatosha. Mwambie anywe.